Kobe Mchanga Lubumbashi: Mchana Nje, Usiku Ndani

Kobe mkubwa ukimweka kwenye lupango lenye ukuta, nyasi na kivuli, anajitafutia maisha. Kobe mchanga hawezi. Gamba lake bado laini, mwili wake mdogo hukauka haraka juani na kupoa haraka usiku, na panya wa mjini wanamwona chakula. Watu wengi wanaojikuta na kobe mchanga hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaomwachia nje kwa hoja kwamba ni mnyama wa porini, na wapo wanaomfungia kwenye katoni sebuleni kwa kumhurumia. Wa nje hupotea au huliwa. Wa kwenye katoni huishi miezi kadhaa, gamba likalainika, macho yakavimba, kisha akafa polepole na wenye nyumba wasijue kilichomuua.

Kwa mji wetu sioni kwamba lazima uchague nje au ndani. La kuamua ni nje saa ngapi, mwezi gani, na ndani pawe na hali gani. Hatua zifuatazo zinahusu kobe ambaye gamba lake halijafika urefu wa sentimita 10 hivi. Akishapita hapo mambo hubadilika, nami nitayagusa mwishoni.

Hatua ya kwanza: mjue kobe uliye naye

Usinunue hata ubao mmoja kabla hujajua unamjengea nani. Kobe wa nchi kavu unayeweza kukutana naye katika misitu ya miombo ya Katanga ni wa jamii ya Kinixys. Gamba lake ni la kahawia, bapa kiasi na refu, na akiwa mkubwa huwa na bawaba upande wa nyuma inayomwezesha kufunga miguu yake ndani. Kwa kobe mchanga usiitafute bawaba hiyo, kwa sababu hutokea kadiri anavyokua. Mwingine anayefugwa sana ni kobe chui, Stigmochelys pardalis, wa savana za mashariki na kusini mwa Afrika, Zambia ikiwemo. Huyo gamba lake limeinuka juu, lina rangi ya manjano iliyofifia, na kwenye kila pande la gamba la mtoto kuna doa moja au mawili meusi.

Tofauti yao ndiyo itakayoamua makazi. Kobe chui hupenda jua, hula nyasi na majani, na ukimnyima mwanga unamuua. Kinixys ni wa kivulini. Hukaa chini ya majani makavu yenye unyevu, hutoka asubuhi mapema, jioni na baada ya mvua, na pamoja na majani hula uyoga, konokono, minyoo na jongoo. Ukimweka Kinixys kwenye uwanja mkavu wenye jua kali, atajificha kutwa nzima na kukonda. Nimeona watu wakisema kobe wao "ni mvivu", kumbe wamemjengea nyumba ya mwenzake.

Hapa niseme waziwazi: usiende porini kuchukua kobe, wala usimnunue kwa mtu anayemuuza barabarani kwa huruma ya kumwokoa, maana kesho yule muuzaji atarudi kuchukua wengine. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka, hata hapo Kasumbalesa tu, kunahitaji kibali. Nchini kwetu ipo Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile, na taasisi inayohusika na wanyamapori ni ICCN. Kama umeletewa kobe na watoto wa jirani baada ya mvua za kwanza, anza kwa kuuliza ICCN unatakiwa ufanye nini naye. Huenda jibu likawa arudishwe alikotoka, na kwa kobe mzima wa afya aliyeokotwa jana, hilo ndilo jibu bora kwake.

Hatua ya pili: soma hali ya hewa ya mji wako, si ya kitabu

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu kobe umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako shida kubwa ni theluji na ukosefu wa jua. Sisi tuko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Jua tunalo mwaka mzima, na shida yetu iko kwingine.

Mvua huanza kushika Novemba na kupungua Machi au Aprili. Miezi hiyo hewa ina unyevu, usiku ni vuguvugu, majani yako kila mahali. Kwa kobe mchanga huo ndio msimu mwema, na ndio msimu ambao porini watoto hutoka kwenye mayai. Kuanzia Mei anga hukauka. Juni na Julai mchana ni wa kupendeza lakini usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, huku upepo baridi ukivuma kutoka kusini mashariki. Septemba na Oktoba joto hupanda hadi kupita nyuzi 30, na hewa bado kavu, vumbi tele.

Kwa hiyo adui wa kobe mchanga hapa ni wawili na huja pamoja: baridi ya usiku na ukavu. Wengi huogopa baridi peke yake. Mimi ukavu nauogopa zaidi, kwa sababu hauonekani. Kobe mchanga asiyepata unyevu wa kutosha hukua na gamba lenye vinundu vilivyoinuka, figo zake huchoka, na akianza kuonekana mgonjwa huwa ameshachelewa. Porini mtoto wa kobe haonekani ovyo uwanjani. Hujichimbia chini ya mizizi, nyasi na majani yaliyooza, mahali penye unyevu hata pale ardhi ya juu ikiwa imepasuka. Nyumba utakayomjengea iige hali hiyo ya chini ya majani. Uwanja mpana mtupu utamfaa akishakua.

Wenzetu wa Bukavu na Goma, walio juu zaidi na karibu na Ikweta, hawana tofauti kubwa hivi ya majira. Usiku wao ni wa baridi mwaka mzima, na ukavu hauwatesi kama unavyotutesa sisi. Wao wasome zaidi sehemu ya joto.

Hatua ya tatu: jenga chumba cha ndani

Chumba cha ndani ndicho nyumba yenyewe, nje ni matembezi. Anza nacho.

Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukutengenezea kasha la mbao lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kina cha 40 hivi. Linamtosha kobe mmoja hadi atakapofika ukubwa wa kutoka nje moja kwa moja. Ndani paka rangi isiyo na risasi au tandika plastiki nzito, maana utaweka udongo wenye majimaji na mbao zitaoza. Usitumie sanduku la kioo. Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili na atausukuma ukuta huo siku nzima mpaka pua ichubuke. Tena kioo kikipigwa na jua dirishani, ndani huwa tanuri.

Juu ya kasha weka kifuniko cha mbao au plastiki nyepesi kinachofunika kama theluthi mbili, sehemu iliyobaki iwe wavu wa waya. Kifuniko hicho ndicho kinachoshika unyevu. Kasha lililo wazi juu, mwezi wa Agosti, utalinyunyizia maji asubuhi na saa sita utalikuta kavu.

Chini weka tabaka la sentimita 8 hadi 10 la udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na majani makavu yaliyosagika kwa mkono. Majani ya mwembe yanafaa, ya miombo yanafaa zaidi. Mchanga mtupu haufai: kobe humeza chembe pamoja na chakula na utumbo huziba. Takataka za mbao za msumeno nazo hazifai, kwa vumbi lake na harufu yake. Udongo wa kichuguu, tunaoupenda kwa matofali, huwa mgumu mno ukikauka, uache.

Kuhusu udongo, mkazi wa Lubumbashi anatakiwa afikirie jambo ambalo mfugaji wa mji mwingine halifikirii. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini mashariki na kutua upande wa kaskazini magharibi. Huko udongo una shaba, risasi, kadimi na kobalti kwa kiwango ambacho hata miti ilishindwa kukaa. Kobe huishi na pua yake ardhini, na hula udongo kidogo kila siku. Usichote udongo karibu na kiwanda, karibu na mlima wa taka za kuyeyushia, kando ya barabara ya malori ya madini, wala kando ya mto unaopokea maji ya viwanda. Uchukue kwa mkulima wa nje ya mji, mbali na machimbo, au tengeneza mboji yako mwenyewe.

Mimina maji kwenye pembe za kasha mpaka tabaka la chini liwe na unyevu na la juu likae kavu kidogo. Ukifinyanga konzi ya udongo wa chini, ushikamane bila kudondosha maji. Kisha mpe mahali pa kujificha pawili. Chungu kilichovunjika nusu, kikiwa kimelazwa na kujazwa majani yenye unyevu, ni bora kuliko vibanda vyote vya dukani. Kimoja kiwe upande wa joto, kingine upande wa baridi. Weka pia kisahani cha udongo chenye maji, kina chake kisipite shingo ya kobe, ukizamishe kiwe sawa na ardhi ili apande na kushuka bila kupinduka.

Liinue kasha juu ya meza na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji. Siafu hupita usiku na hawachagui. Kobe mchanga hana pa kukimbilia.

Wawili je? Kobe wawili ndani ya kasha moja ni matatizo. Mmoja humtawala mwenzake, humkanyaga kwenye chakula, hulala juu yake, na mnyonge huacha kula bila ugomvi wowote unaoonekana kwa macho. Lea mmoja mmoja, kila mtu na kasha lake, hata kama kwa macho yetu inaonekana upweke. Kobe hasikii upweke huo.

Hatua ya nne: joto na mwanga, umeme ukiwepo na ukikosekana

Upande mmoja wa kasha uwe na mahali pa kuota moto, nyuzi 32 hadi 35 pale chini ya taa ya kupasha joto. Upande wa pili ubaki kwenye 24 hadi 26. Usiku usishuke chini ya 20. Nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, kila upande wake. Mkono wako haupimi sawasawa. Hali hii kobe huitumia mwenyewe: akisikia baridi atasogea, akishiba joto ataondoka. Kasha lenye joto moja pote linamnyang'anya uamuzi huo.

Kumbuka kanuni moja kuliko zote za ukurasa huu: unyevu lazima uende pamoja na joto. Kobe aliye na unyevu na joto hustawi. Kobe aliye na unyevu na baridi hupata homa ya mapafu. Ukishindwa kumpa joto usiku fulani, usiongeze maji siku hiyo.

Mwanga ni suala jingine. Kobe huhitaji mionzi ya jua ya aina ya UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D3, na bila vitamini hiyo hawezi kutumia kalisi iliyo kwenye chakula. Gamba hulainika, taya hupinda, miguu hushindwa kubeba mwili. Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi hiyo yote, kwa hiyo kobe anayeota jua nyuma ya dirisha anapata joto tu. Taa za kawaida za nyumbani, zikiwemo LED, hazitoi kitu hicho. Taa maalumu za UVB zipo, lakini ni ghali, ni shida kuzipata mjini kwetu, na baada ya miezi sita hadi kumi na miwili nguvu yake huwa imekwisha ingawa bado inawaka. Hapo ndipo uamuzi wangu unapoegemea: jua la Lubumbashi ni la bure na ni kali kuliko taa yoyote. Mtoe nje apate jua, na fedha ya taa hiyo ya UVB nunulia wavu mzuri.

Umeme hukatika, wakati mwingine usiku mzima, mara nyingi usiku uleule wa baridi. Jiandae mapema. Jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki nzito, zifunge kwa kitambaa kinene, uziweke kwenye pembe moja ya kasha, kisha funika kasha zima kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa. Zitashika joto saa nne au tano. Njia nyingine ni tofali la kuchoma lililopashwa kando ya mbabula: lifunge kwa gunia na uliegemeze kwenye ukuta wa kasha kwa nje, kamwe si ndani alipo kobe. Mbabula yenyewe isiingie chumbani. Moshi usioonekana wa makala huua kobe, na huua familia iliyolala chumba hicho hicho.

Hatua ya tano: kizimba cha nje

Tafuta ukuta wa nyumba au wa lupango unaotazama kaskazini. Sababu iko angani: sisi tuko kusini mwa Ikweta, na mwezi wa Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Ukuta wa matofali unaotazama huko hupata jua wakati wa baridi, hushika joto na kulirudisha jioni. Juu ya hayo, nyumba yako inaukinga ule upepo wa kusini mashariki. Kizimba hicho hicho kikijengwa upande wa kusini wa nyumba, Julai kitakuwa kivulini kutwa nzima.

Ukubwa wa mita moja na nusu kwa mita moja unatosha kuanzia. Kuta ziwe za matofali au mbao, zisipenyeze macho, urefu wa sentimita 40. Chini zichimbie sentimita 25, kwa sababu kobe huchimba na panya huchimba zaidi. Juu yake weka kifuniko cha fremu ya mbao chenye wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita moja, kikiwa na bawaba na komeo. Kifuniko hiki si cha hiari. Kunguru wenye shingo nyeupe wamejaa mjini, na kunguru mmoja huweza kumgeuza kobe mchanga na kumdonoa kwenye miguu kwa dakika chache. Mwewe, paka, mbwa wa jirani na kuku wa nyumbani nao wako palepale. Usitumie wavu wa plastiki; panya huukata.

Nusu ya kizimba iwe na kivuli kisichohama. Panda lengalenga, nyasi za asili, mimea ya majani mapana, au hata viazi vitamu viote majani. Kobe mchanga aliyepinduka juani bila kivuli anaweza kufa kabla hujamaliza kupika bukari. Kwa Kinixys kivuli kiwe robo tatu, na chini pawe na majani makavu mengi ya kujizika.

Mvua za Januari hushuka kwa nguvu, na lupango nyingi hujaa maji. Inua sakafu ya kizimba sentimita 10 juu ya ardhi ya kando, na acha matundu ya kutolea maji yaliyozibwa kwa waya. Manyunyu mepesi ya mchana wenye joto usimkinge nayo; kobe huinua shingo akanywa, na ni afya kwake. Ngurumo ikikaribia, mwingize ndani.

Hatua ya sita: ratiba kwa miezi

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mtoe saa mbili au saa tatu asubuhi na umrudishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Kama kizimba kina kivuli, majani na maji, anaweza kushinda humo. Huu ndio msimu ambao nje ni bora kuliko ndani karibu kwa kila jambo, isipokuwa usiku na wakati wa mvua kubwa.

Mei hadi Agosti, geuza. Asubuhi kuna baridi, kwa hiyo subiri hadi saa nne au saa tano, ukuta ukiwa umeshapata moto. Mloweke kwanza kwenye maji vuguvugu, kisha mtoe kwa saa moja au mbili, kisha mrudishe kwenye kasha lenye unyevu. Akishinda nje kutwa katika msimu huu hewa kavu itamkausha hata kama joto linatosha. Siku za mawingu na upepo asitoke kabisa. Juma moja bila jua halimdhuru.

Septemba na Oktoba, toa mapema na urudishe mapema. Kati ya saa tano na saa tisa jua linachoma, udongo mtupu unawaka, na mwili wa kobe mdogo ukipita nyuzi 38 uko hatarini. Kwa kifupi, Oktoba mchunge na joto, Julai mchunge na baridi, na miezi yote miwili mchunge na ukavu.

Hatua ya saba: maji na chakula

Mloweke kila siku akiwa bado mdogo sana, na mara tatu kwa juma akishafika sentimita 7 au 8. Tumia beseni lenye maji vuguvugu, ukiyagusa kwa kiwiko yasichome wala yasipoze, kina chake kifike pale gamba la juu linapokutana na la chini. Dakika 15 hadi 20. Atakunywa na atajisaidia humo humo, na utaona mkojo wake: ukitoka na kitu cheupe kigumu kama mchanga, amekauka.

Kobe chui mpe nyasi, majani ya viazi vitamu, lengalenga kwa kiasi, majani na maua ya hibisiki, majani ya maboga, majani ya mforsadi, dungusi iliyoondolewa miiba. Usimpe bukari, mkate, wali wala maziwa. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, ina sumu ya sianidi, na sisi wenyewe huila baada ya kutwangwa na kupikwa sana, isiingie kizimbani. Kinixys ongezea konokono, minyoo na matunda laini. Wote wanahitaji kalisi: ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa unga, nyunyiza kidogo juu ya majani mara mbili kwa juma. Majani ya sokoni yaoshe vizuri, kwa sababu ya dawa na kwa sababu ya vumbi la madini.

Hatua ya nane: dalili zisizosubiri kesho

Mpime uzito kila juma kwa mizani ya jikoni na uandike. Daftari hilo litakuambia ugonjwa kabla ya macho yako. Kobe mchanga anatakiwa apande polepole. Akishuka majuma mawili mfululizo, kuna kitu. Mapovu puani, kupumua mdomo wazi, mlio wa filimbi akivuta pumzi: hayo ni mapafu. Mwongezee joto usiku na mchana na mpeleke kwa mganga wa wanyama. Macho yaliyovimba na kufumba hutokana mara nyingi na ukavu au chakula kibovu. Gamba la kobe mchanga huwa na ulaini kidogo mwezi wa kwanza. Likizidi kulainika badala ya kukaza, jua na kalisi havimfikii.

Waganga wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbwa na kuku. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama; waulize hapo mapema, kobe akiwa mzima, ili siku ya shida usianze kutafuta njia. Usikubali sindano ya dawa ya kuku ikakisiwa tu. Na watoto wanaomshika kobe wanawe mikono kwa sabuni, maana kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike kabisa.

Hatua ya tisa: kuhamia nje moja kwa moja

Gamba likipita sentimita 10, likiwa gumu pande zote, panya na kunguru hawamwezi kirahisi tena. Kobe chui hufika hapo mara nyingi kati ya mwaka mmoja na mitatu, Kinixys huchelewa. Hata hivyo usimhamishe kwa kuangalia rula peke yake. Mhamishe Oktoba mwishoni au Novemba, ili apate miezi sita ya kuzoea kabla ya baridi. Anayehamishwa Mei anakutana na Juni akiwa mgeni.

Kizimba cha mtoto hakitamtosha. Mpanulie uwanja, kobe chui hasa, kwa sababu akiwa mkubwa anaweza kupita kilo 10 na anatembea sana. Mjengee kibanda cha kulala cha matofali, mlango ukitazama kaskazini, sakafu ikiwa imeinuliwa na kutandikwa nyasi kavu nyingi, na paa la bati lifunikwe nyasi juu yake ili lisichome Oktoba wala lisigandishe Julai. Majuma ya kwanza mwingize mwenyewe kila jioni mpaka ajue njia. Kasha la ndani lisafishe ulihifadhi, usiligawe: usiku wa Juni ukishuka chini ya nyuzi 12, kobe wa sentimita 12 au 15 bado alale humo, na asubuhi jua likishagonga ukuta umrudishe nje.